Nani Anaandika Namba Mbili?

Mei 19, 1999, mjini Suva, Mahendra Chaudhry aliapishwa kuwa waziri mkuu wa Fiji. Alikuwa mjukuu wa kibarua aliyeletwa kutoka India, na hakuna mtu wa asili ya Kihindi aliyekuwa ameshika cheo hicho kabla yake. Mei 19, 2000, mwaka mmoja kamili baadaye, mfanyabiashara kwa jina George Speight aliingia bungeni na watu waliobeba bunduki, akamteka waziri mkuu pamoja na serikali yake. Chaudhry alishikiliwa humo siku 56.

Mapinduzi si habari geni katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Kinachofanya kisa cha Fiji kistahili kusomwa na sisi huku ni karatasi ya kura iliyomwingiza Chaudhry ofisini. Karatasi ile ilibuniwa makusudi ili kuua siasa za "mtu wetu". Wasomi walikaa chini, wakapiga hesabu, wakasema: tukibadilisha namna watu wanavyopiga kura, wanasiasa watalazimika kutafuta marafiki nje ya kabila lao. Nchi nzima ikakubali. Halafu mambo yakaenda kombo.

Kila baada ya miaka mitano, uchaguzi ukikaribia, utasikia Mkenya mmoja akisema shida yetu ni katiba, na mwingine akimjibu kwamba shida yetu ni watu. Fiji walijaribu kupima jambo hilo hilo kwa vitendo. Ili tuelewe walichofanya, lazima kwanza tuelewe ile kura yenyewe.

Tuseme shule ina wanafunzi 100 na mpishi atapika chakula kimoja tu. Wanafunzi 38 wanataka ugali, 35 wanataka chapati, 27 wanataka githeri. Kwa mfumo tuliozoea, ambapo mwenye kura nyingi ndiye mshindi, ugali umepita. Lakini angalia vizuri: wanafunzi 62 hawakuuchagua. Walio wengi wameshindwa na walio wachache kwa sababu tu kura zao ziligawanyika.

Sasa badala ya kuweka alama moja, kila mwanafunzi apange vyakula kwa namba. Namba moja ni anachokitaka zaidi, namba mbili ni kile atakachokubali asipopata cha kwanza, na kadhalika. Wanaohesabu wanaanza na namba moja peke yake. Mtu akipata zaidi ya nusu, mchezo umeisha. Asipopatikana wa hivyo, aliye mkiani anaondolewa, na karatasi zake zinafunguliwa tena kuona waliompenda waliandika nani kwenye namba mbili. Githeri inatoka. Kati ya wale 27, wanafunzi 22 waliandika chapati kama chaguo la pili, na 5 wakaandika ugali. Chapati inafika 57, ugali 43. Zinapikwa chapati.

Kila karatasi bado ni kura moja. Hakuna mtu aliyepiga mara mbili. Ni kama duru ya pili ya uchaguzi, ila hamrudi kituoni wiki kadhaa baadaye, kwa sababu mlishasema yote siku ile ya kwanza.

Wazo hili ni la karne ya 19, lakini nchi iliyolifanya kuwa jambo la kila siku ni Australia, na hawakulichukua kwa sababu ya mapenzi ya haki. Oktoba 1918 kulikuwa na uchaguzi mdogo katika eneobunge la Swan, Australia Magharibi. Waliokipinga chama cha Labor walikuwa wengi, lakini waligawanyika kati ya mgombea wa serikali na mgombea wa wakulima. Edwin Corboy wa Labor, kijana wa miaka 22, akapita na takriban asilimia 34 ya kura. Serikali ikashtuka. Kabla ya mwaka kwisha, sheria ilikuwa imebadilishwa. Desemba hiyo hiyo, katika uchaguzi mdogo wa Corangamite kule Victoria, James Scullin wa Labor aliongoza kwa zaidi ya asilimia 40, halafu akaangushwa na mgombea wa wakulima baada ya namba mbili kuhesabiwa.

Yaani sheria ilifanya kazi jinsi wenyewe walivyotaka. Weka hilo akilini: wanaoandika sheria za uchaguzi mara nyingi huwa tayari wanajua ni nani wanataka asipite.

*

Meli ya kwanza ya vibarua kutoka India, Leonidas, ilifika Fiji Mei 14, 1879. Mwingereza alikuwa ametwaa visiwa hivyo miaka mitano tu kabla, na alihitaji watu wa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Hadi 1916, zaidi ya Wahindi 60,000 walikuwa wameletwa kwa mikataba ya miaka mitano mitano. Sisi pia tunaijua hadithi hii, kwa sababu reli ya kutoka Mombasa ilijengwa kwa mikono ya vibarua wa aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kule Fiji waliobaki walikuwa wengi mno, kiasi kwamba katikati ya karne ya 20 Wafiji wa asili ya Kihindi waliwapita Wafiji wa asili kwa idadi.

Ardhi ilibaki mikononi mwa wenyeji, kwa sehemu kubwa sana. Mashamba ya miwa yalilimwa na Wahindi waliokodi ardhi hiyo. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake alikihitaji, na kila upande uliogopa kunyang'anywa.

Mwingereza alitatua suala la uwakilishi kwa njia aliyoipenda kila mahali: kila jamii na orodha yake ya wapiga kura, kila jamii na viti vyake. Wahindi wa Kenya waliupinga mpango huo mapema. Walidai orodha moja ya wapiga kura wote, na mwaka 1923 London ikawanyima, ikawapa viti 5 vya peke yao huku walowezi Wazungu wakiwa na 11. Wakasusia. Mwaka 1929, Wahindi wa Fiji walipochagua wajumbe wao watatu wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, Vishnu Deo alisimama na hoja ile ile ya orodha moja. Ikakataliwa. Wote watatu wakatoka nje.

Kwa hivyo Mfiji aliyezaliwa miaka ya 1930 alikua akijua kwamba kura ni kitu unachompa mtu wa damu yako. Hakufundishwa na wazazi tu, alifundishwa na sheria. Uhuru ulipokuja mwaka 1970, bunge bado lilikuwa limegawanywa kwa jamii.

Aprili 1987, muungano wa vyama viwili ulioungwa mkono zaidi na Wahindi ulishinda uchaguzi. Waziri mkuu wake, Timoci Bavadra, alikuwa Mfiji wa asili, lakini hilo halikumsaidia. Mei 14, siku ile ile ambayo Leonidas ilikuwa imetia nanga miaka 108 kabla, Luteni Kanali Sitiveni Rabuka aliingia bungeni na wanajeshi akaipindua serikali. Septemba akapindua tena, maana hakuridhika na maelewano yaliyokuwa yanaandaliwa. Katiba ya 1990 iliyofuata ilisema wazi kwamba waziri mkuu lazima awe Mfiji wa asili. Viti 37 kati ya 70 vikatengwa kwa Wafiji wa asili, 27 kwa Wahindi. Wahindi kwa maelfu wakafunga mizigo, wakaenda Australia, New Zealand na Canada.

*

Hapo ndipo hadithi inapopinda. Rabuka, ambaye mwaka 1992 alikuwa amekuwa waziri mkuu kwa njia ya kura, alianza kuona kwamba nchi aliyoipindua haiendi popote. Uchumi ulikuwa umekonda, wenye taaluma walikuwa wamehama, Jumuiya ya Madola ilikuwa nje ya mlango. Upande wa pili alikuwepo Jai Ram Reddy, wakili mpole na kiongozi wa chama cha NFP, aliyeungwa mkono na Wahindi wengi. Wawili hawa wakaanza kuzungumza. Mwanajeshi aliyefanya mapinduzi kwa jina la kabila lake, na kiongozi wa wale aliowapindua.

Mwaka 1995 iliundwa tume ya watu watatu: Paul Reeves, aliyewahi kuwa gavana mkuu wa New Zealand na mwenyewe ana damu ya Wamaori, Tomasi Vakatora, mwanasiasa Mfiji wa asili, na Brij Lal, mwanahistoria mjukuu wa kibarua. Walizunguka visiwani wakasikiliza watu, wakasafiri nje kuangalia nchi nyingine zinavyoishi. Septemba 1996 wakatoa ripoti nene.

Moyo wa ripoti hiyo ulikuwa kura ya kupanga kwa namba. Hoja waliyoifuata ilikuwa imetolewa kwa miaka mingi na msomi Mmarekani, Donald Horowitz. Ni hoja rahisi, na inavutia. Katika nchi yenye makabila, mgombea wa mfumo wa kawaida hana faida yoyote ya kuwa mstaarabu kwa watu wa upande wa pili, maana hawatampigia. Faida yake iko katika kuwachochea wake wajitokeze kwa wingi. Lakini akijua kwamba anahitaji zaidi ya nusu, na kwamba wake hawafiki nusu, itabidi aende kwa jirani aombe: "Najua namba moja utampa mtu wenu, sawa. Mimi nipe namba mbili." Na huwezi kumwomba mtu namba mbili huku umemtukana jana jukwaani.

Kwa nadharia hiyo, wenye msimamo wa kati wanasaidiana kwa namba mbili, wakali wanabaki pembeni na kelele zao.

Ila nadharia ilikuwa na sharti: lazima maeneobunge yawe na mchanganyiko wa watu. Haina maana kumwambia mgombea aombe kura za jirani kama jirani haruhusiwi kupiga kura hapo. Kwa hiyo tume ilipendekeza viti 45 viwe wazi kwa wote na 25 vitengwe kwa jamii. Wabunge wakaipokea ripoti, wakaisifu, wakakaa kwenye kamati, wakageuza hesabu hiyo kichwa chini: viti 46 vikatengwa kwa jamii, 25 vikawa wazi. Namba zikabaki, mchanganyiko ukapunguzwa. Kila mbunge alikuwa ameingia kupitia kiti cha jamii yake, na hakuna aliyetaka kubomoa nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo, Julai 1997 bunge lilipitisha katiba mpya bila sauti ya kupinga. Reddy alialikwa kuhutubia Baraza Kuu la Machifu, kiongozi wa kwanza wa Kihindi kupewa heshima hiyo. Ilionekana kama nchi imepona.

*

Sasa tuitazame karatasi ya 1999, maana shetani alijificha humo.

Wabunifu wake walikuwa na wasiwasi kwamba wananchi watashindwa kupanga wagombea wote kwa namba, na kosa moja lingeharibu kura. Kwa hiyo wakachora mstari. Ukitaka kupanga mwenyewe, unashuka chini ya mstari na kuandika namba kwa kila jina. Kama hutaki shida, unaweka alama moja tu juu ya mstari, kwenye nembo ya chama chako, na chama kinakupangia namba zote zilizobaki kwa kufuata orodha kilichokabidhi kwa tume ya uchaguzi kabla ya siku ya kura.

Umeshaona tatizo liko wapi. Zaidi ya wapiga kura 9 kati ya 10 waliweka alama juu ya mstari. Ni kama mwanasiasa wa hapa anavyowaambia watu wapige kura kwa mtindo wa suti, kuanzia juu hadi chini chama kimoja, ila huko Fiji suti ilikuwa imeshonwa na hujui kitambaa cha ndani ni cha nani. Unaweka alama kwa chama chako, kumbe kura yako, chama chako kikianguka, inaenda kwa mtu ambaye hungemsalimia barabarani.

Kwa hiyo swali "nani atapewa namba mbili?" halikuulizwa kijijini. Liliulizwa katika vikao vya vinara wa vyama. Na vinara hawakupanga orodha zao kwa kuangalia nani ana msimamo wa kati. Walipanga kwa kuangalia nani wanamchukia zaidi.

Chama cha Labour cha Chaudhry kilikuwa kinapigania kura za Wahindi na NFP ya Reddy. Kwa hivyo NFP, chama kilicholeta katiba yenyewe, kiliwekwa na Labour mkiani mwa orodha zake. Kwa upande mwingine, Labour ilijenga ushirika na vyama vya Wafiji wa asili vilivyotaka kumwangusha Rabuka, na ikabadilishana namba hata na VLV, chama kilichosimama juu ya Ukristo na utambulisho wa Wafiji wa asili, ambacho kwa sera hakikufanana na Labour hata kidogo. Adui wa adui yangu.

Matokeo yakatoka. Labour ilikuwa na takriban asilimia 32 ya kura za kwanza nchi nzima, ikapata viti 37 kati ya 71, yaani wingi wa bunge peke yake. Ilizoa viti vyote 19 vya jamii ya Wahindi na 18 kati ya 25 vilivyokuwa wazi, na katika hivi vya wazi namba za vyama vingine zilisaidia sana. Chama cha Rabuka kilipata asilimia 38 ya kura za Wafiji wa asili, kikaambulia viti 8. NFP ya Reddy ilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura zote nchini, karibu theluthi ya kura za Wahindi. Viti vyake vilikuwa sifuri. Reddy mwenyewe hakurudi bungeni.

Hebu rudia hapo. Wanaume wawili walivuka mto kutoka kingo tofauti, wakajenga daraja, na uchaguzi wa kwanza uliopita juu ya daraja hilo ukawaangusha wote wawili majini.

Chaudhry alishinda kihalali kwa sheria iliyokuwepo, na hilo lisemwe wazi. Wahindi wengi walikuwa na sababu zao za kumpa kura: walikuwa hawajamsamehe Rabuka kwa 1987, na Labour ilikuwa inazungumza habari za bei ya maisha na mikataba ya mashamba ya miwa iliyokuwa inakaribia kuisha. Baraza lake la mawaziri lilikuwa na Wafiji wa asili wengi. Lakini Wafiji wa asili waliokuwa wanatafuta sababu ya hasira waliipata kirahisi. Karibu asilimia 9 ya kura zilikuwa zimeharibika, na kwa mtu wa kawaida njia ya kutoka kwenye alama aliyoweka hadi kwa mbunge aliyepita ilikuwa kama uchawi. Ni vigumu kutetea matokeo ambayo huwezi kumweleza shangazi yako.

Mwaka mmoja baadaye Speight alikuwa bungeni na bunduki.

*

Fiji ilitumia mfumo huo mara mbili zaidi. Mwaka 2001, vyama vya Wafiji wa asili vilikuwa vimejifunza mchezo, na Laisenia Qarase akaunda serikali. Speight alichaguliwa kuwa mbunge akiwa kizuizini, kabla ya kupoteza kiti hicho kwa kutohudhuria vikao. Kufikia 2006, karibu asilimia 80 ya Wafiji wa asili walipigia chama kimoja, na karibu asilimia 80 ya Wahindi walipigia kingine. Vyama vya kati vilikuwa vimekauka. Mfumo uliobuniwa kuvunja kambi mbili uliishia na kambi mbili zilizo wazi kuliko zamani. Desemba mwaka huo Frank Bainimarama, mkuu wa jeshi, akapindua serikali.

Mkenya anaingia katika hadithi hii hapo. Mwaka 2012, serikali ya Bainimarama ilimpa Yash Pal Ghai kazi ya kuongoza tume ya katiba mpya. Ni yule yule aliyeongoza tume ya kuandika upya katiba yetu kuanzia 2000 hadi 2004, na ambaye miaka ya 1970 alikuwa ameisaidia Papua New Guinea kuandika katiba yake ya uhuru. Tume yake ilikusanya maelfu ya maoni, ikaandika rasimu. Desemba 2012 polisi wakatwaa nakala zilizochapishwa, na kurasa nyingine zikachomwa moto. Serikali ikaandika katiba yake yenyewe mwaka 2013, kura ya kupanga ikafutwa, na badala yake vyama vikaanza kupewa viti kulingana na asilimia ya kura zao kitaifa.

Basi je, tuseme kura ya namba ni bure? Papua New Guinea inatuzuia kusema hivyo haraka.

Hiyo ni nchi yenye lugha zaidi ya 800. Wana neno lao, wantok, mtu mnayezungumza naye lugha moja, na siasa zao zinazunguka neno hilo kama zetu zinavyozunguka "mtu wetu". Chini ya Australia walipiga kura za kupanga mara tatu: 1964, 1968 na 1972. Baada ya uhuru wa 1975 wakahamia mfumo wa mwenye nyingi ndiye mshindi. Kila ukoo ukaona unaweza kusimamisha mtu wake, na wagombea wakaongezeka kila uchaguzi. Mwaka 2002 watu zaidi ya 2,800 waligombea viti 109, na wabunge wengi waliingia kwa chini ya asilimia 20 ya kura za eneo lao. Katika mkoa wa Southern Highlands vurugu zilikuwa kubwa kiasi kwamba uchaguzi wa viti 6 kati ya 9 ulifutwa.

Ndipo wakarudisha namba, lakini kwa sura tofauti na ya Fiji. Hakuna mstari, hakuna chama cha kukupangia. Kila mpiga kura anaandika majina matatu kwa mkono wake, na asipofikisha matatu kura haihesabiwi. Mfumo ulijaribiwa kwanza katika chaguzi ndogo kuanzia 2003, na waliozifuatilia waliona kampeni tulivu zaidi. Wagombea walianza kuingia katika ngome za wapinzani, mahali ambapo zamani wangefukuzwa kwa mapanga, kuomba namba mbili na namba tatu. Mtu angeweza kumpa wantok wake namba moja, heshima ya ukoo ikatimia, halafu namba mbili akampa yule anayeamini kweli atajenga barabara.

Tusidanganyane, haikuponya kila kitu. Kwa wagombea 30 au 40 na namba tatu tu, karatasi nyingi zinaishiwa kabla ya hesabu kufika mwisho, na mshindi bado anaweza kukosa nusu ya kura zilizopigwa. Hongo haikuisha. Uchaguzi wa 2017 haukupitisha mwanamke hata mmoja, na ule wa 2022 uliua makumi ya watu. Lakini ukiwauliza swali moja, "nani anaandika namba mbili?", jibu lao ni: mimi mwenyewe, kwa kalamu hii.

*

Turudi nyumbani kidogo. Desemba 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, Daniel arap Moi alipata asilimia 36. Kenneth Matiba alipata 26, Mwai Kibaki zaidi ya 19, Jaramogi Oginga Odinga zaidi ya 17. Ukijumlisha, zaidi ya asilimia 60 ya waliopiga kura walichagua mtu mwingine, na Moi akarudi Ikulu. Ni Swan ya 1918 kwa ukubwa wa nchi nzima.

Watu wazima wetu bado wanabishana: upinzani ungeungana, nani angeshinda? Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kujibu. Mtu wa Matiba alimpenda nani wa pili? Mtu wa Jaramogi je? Huenda wengine wangemwandika Moi. Karatasi ya 1992 haikuwauliza.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuziba shimo hilo: rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo wawili wa juu warudi duru ya pili. Hadi 2022 duru hiyo ya pili haikuwahi kupigwa. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka kwa asilimia 50.07, mwaka 2022 William Ruto kwa 50.49. Lakini namba mbili zetu zipo, bana. Zinaandikwa miezi kabla ya kura, vinara wanapokutana hotelini na kutoka na jina la mrengo mpya, huyu akiunga mkono yule kwa ahadi ya nafasi fulani. Wewe unaambiwa kwenye mkutano wa hadhara kwamba "sisi kama jamii tumeamua". Huo ndio mstari wa Fiji, na sisi tuko juu yake. Na wagombea wa ugavana, useneta na ubunge bado wanapita hata kwa asilimia 25, mradi wenzao wamegawana zilizobaki.

Kwa hiyo mtu akija kesho na pendekezo kwamba Kenya ijaribu kura ya namba, nadhani tusimuulize tu kama hesabu zake ni sawa. Hesabu za Fiji zilikuwa sawa. Tumuulize maeneobunge yatachorwaje, na kama jirani asiye wa kabila langu atakuwa ndani ya mipaka hiyo. Tumuulize karatasi itakuwaje, na kama mama yangu anaweza kuifuata kura yake kwa kidole kutoka kwake hadi kwa mshindi. Halafu tumuulize ni nani atakayeshika kalamu baada ya namba moja.

Jai Ram Reddy hakurudi tena katika siasa. Mwaka 2003 alikuja upande wetu wa dunia, Arusha, akawa jaji katika mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mtu aliyeshindwa kuwashawishi wananchi wake wavuke mipaka ya kabila akakaa miaka kadhaa akisikiliza ushahidi wa kile kinachotokea mipaka hiyo ikigeuka kuwa panga. Alifariki Agosti 2022.

Miezi minne baadaye, Desemba 24, 2022, bunge la Fiji lilipiga kura kumchagua waziri mkuu. Hakuna chama kilichokuwa na wingi, kwa hiyo vyama vitatu viliungana, kimojawapo kikiwa NFP, chama cha Reddy, chenye viti 5. Mgombea wao alishinda kwa kura 28 dhidi ya 27. Jina lake lilikuwa Sitiveni Rabuka.